Posta Hadi Kariakoo: Jinsi ya Kusoma Adabu ya Mwingereza na ya Mrusi

Ukifanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam, iwe kwenye dirisha la tiketi za boti ya Zanzibar pale Sokoine Drive, mapokezi ya hoteli ya Samora au duka la vitenge Kariakoo, bila shaka umeshaisikia hukumu hii, na huenda umeitoa mwenyewe: Mwingereza ni mstaarabu, Mrusi hana adabu. Wa kwanza anashukuru hata kabla hajapewa chenji. Wa pili anakuja na uso mkavu, anataja anachotaka, anapewa, anaondoka. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayewahudumia wote wawili, na hoja yake ni kwamba hukumu hiyo umeipima kwa kipimo kisicho chako. Kwa kipimo cha Kiswahili chenyewe, mengi anayofanya Mrusi ungeyaelewa bila kufundishwa, na mengi anayofanya Mwingereza yangekushangaza. Kinachowakoroga ni lugha mnayokutania. Kiingereza kinamvua Mrusi adabu aliyolelewa nayo, kinakuvua na wewe ya kwako, kisha kila mmoja anamwona mwenzake hakulelewa.

Anza na kwako, maana huwezi kujua mgeni anaweka wapi heshima yake kama hujui wewe unaiweka wapi. Kiswahili cha mjini kinaiweka hasa mahali pawili: kwenye salamu, na kwenye jina unalomwita mtu. Mteja akiingia akasema, “Mama, habari za hapa,” au kijana akamwamkia mzee “Shikamoo” na kuitikiwa “Marahaba,” heshima imeshatolewa. Baada ya hapo anaweza kusema “nipimie kilo mbili” au “nipe ile ya bluu” na hakuna atakayeudhika, ingawa kisarufi hizo ni amri tupu. Akitaka kulainisha zaidi atasema “naomba.” Neno “tafadhali,” ambalo wageni hufundishwa somo la kwanza, utalikuta zaidi kwenye mabango ya ofisi na matangazo ya vipaza sauti kuliko kwenye vinywa vya watu wa Mtaa wa Kongo. Jaribu upande wa pili. Mtu akufikie na maneno laini kupita yote, “tafadhali ungeweza kunisaidia,” lakini hakusalimia. Utamhudumia, ila moyoni utabaki na neno.

Mwingereza heshima yake ameiweka kwenye ombi. Penelope Brown na Stephen Levinson, wanaisimu walioeleza nadharia yao mwaka 1978 na kuitoa kama kitabu mwaka 1987, walisema kila mtu ana haja mbili mbele ya wenzake: kukubalika, na kuachiwa nafasi yake bila kuingiliwa. Kiingereza kinaegemea sana haja ya pili. Kumwomba mtu kitu ni kumwingilia, kwa hiyo ombi linageuzwa kuwa swali kuhusu uwezo au hiari yake, ili abaki na mlango wa kukataa hata pale ambapo hakuna anayetarajia akatae. Mwaka 1989 Shoshana Blum-Kulka, Juliane House na Gabriele Kasper walichapisha utafiti uliolinganisha maombi katika lugha kadhaa, na wazungumzaji wa Kiingereza walionekana kuikwepa amri kuliko, kwa mfano, wazungumzaji wa Kihispania cha Argentina. Hiyo ndiyo sababu mgeni Mwingereza anaweza kukuuliza kama ungejali kumfungulia mlango ambao kazi yako ni kuufungua. Hakufanyii dharau wala hakuonei haya. Anakupa nafasi.

Tatizo ni kwamba shule zetu zilitufundisha namna hiyo ya kuomba kana kwamba ndiyo adabu yenyewe, ya dunia nzima. Anna Wierzbicka, mwanaisimu mzaliwa wa Poland anayeishi Australia, aliipinga dhana hiyo mapema, katika makala yake ya mwaka 1985. Alionyesha kwamba katika Kipolandi, lugha iliyo ndugu wa Kirusi, amri inaweza kubeba ukarimu, na kwamba wasomi walikuwa wamechukua desturi ya Kiingereza wakaifanya kipimo cha binadamu wote. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ushahidi mrefu hapo. Mwenyeji anayekwambia “Kaa. Kula. Ongeza, mbona umekula kidogo?” amekuamuru mara tatu, na hakuna aliyewahi kutoka nyumba hiyo akilalamika kwamba amekosewa heshima.

Sasa Mrusi. Kirusi kina viwakilishi viwili vya kumwambia mtu mmoja: “ty” kwa mtoto, rafiki na ndugu, na “vy,” ambacho pia ni cha wengi, kwa mtu mzima usiyemzoea, mkubwa wako na mteja wako. Anayesema Kirusi anachagua kati ya hivyo viwili kila anapofungua kinywa, na akikosea, mtu anasikia mara moja, kama wewe unavyosikia mtoto akimwambia babu yake “mambo.” Juu ya hapo, mkubwa huitwa kwa jina lake likifuatiwa na jina lililoundwa kutokana na la baba yake. Watanzania waliosoma Moscow kwenye chuo kilichoanzishwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba walijifunza hivyo kuwaita walimu wao. Kwa mtu wa pwani si jambo geni sana, kwani ndivyo walivyoitwa kina Shaaban bin Robert, ambaye jina lake limebaki kwenye mtaa wa Makumbusho pale mjini. Na bara na pwani tunayo njia yetu inayokwenda upande wa pili: Mrusi anamheshimu mtu kwa kumtaja baba yake, sisi tunamheshimu mama kwa kumtaja mtoto wake, Mama Asha.

Heshima ikishakaa kwenye “vy,” ombi lenyewe linaweza kuwa fupi. Kwa Kirusi, kitenzi cha amri katika umbo la “vy,” pamoja na “pazhalusta,” ni namna ya kawaida na ya staha ya kuomba tiketi, chai au maelekezo ya njia. Mrusi hahitaji kuuliza kama una uwezo wa kumpa tiketi, maana anakuona uko dirishani na tiketi ziko mezani. Tatiana Larina, aliyelinganisha mitindo ya lugha hizi mbili katika kitabu cha mwaka 2009, anaeleza kwamba Mwingereza analinda sana umbali kati ya watu, na Mrusi hauoni umbali huo kuwa jambo kubwa kiasi hicho. Akitaka kuuliza kwa uangalifu zaidi, Mrusi hutumia ukanushi: hakuna chai? hamtaniambia kituo kiko wapi? Na hapo tena mnafanana naye. Mteja wa Kariakoo anayeuliza “Hamna vocha?” au “Huna ya baridi?” anauliza kwa upole tu. Peleka swali hilo kwenye Kiingereza, neno kwa neno, na muuzaji Mwingereza atasikia lawama ya kukosa bidhaa.

Fikiria basi kinachotokea dirishani. Kiingereza cha leo kina “you” moja kwa mkubwa na mdogo. Kilikuwa na kiwakilishi kingine cha mtu wa karibu, lakini kilififia katika mazungumzo ya kawaida karne nyingi zilizopita. Mrusi anayebadili lugha anaiacha “vy” mlangoni, na kinachobaki ni amri na “please” moja. Wewe unaacha “shikamoo,” “mama,” “kaka” na “naomba,” na kinachobaki mdomoni ni “Give me passport.” Maneno yenu yanakuwa mamoja kabisa, lakini yeye anaona karani mkali na wewe unaona mteja jeuri. Mwingereza aliye nyuma kwenye foleni anawaona wawili wasio na adabu. Ndiyo maana nasema usimcheke Mrusi kwa Kiingereza chake. Kosa lake ni kosa lako, na mmelipata kwa njia ileile.

Dawa yake inaanza na Kiingereza chako mwenyewe. Kwa mgeni anayetumia Kiingereza cha nyumbani kwao, achana na tafsiri ya moja kwa moja ya sentensi za kazini. Badala ya “Give me passport,” sema “Could I have your passport, please?” “Wait!” igeuze kuwa “One moment, please.” “What do you want?” ni tafsiri ya “Unataka nini?” na ni kali katika lugha zote mbili. Sema “Can I help you?” kama ambavyo kwa Kiswahili ungesema “Nikusaidie nini?” Kuwa mwangalifu pia na “sorry.” Mgeni akijikwaa kwenye ngazi, wewe unatoa pole, lakini yeye anasikia ukikiri kosa ambalo hukulifanya, na atakujibu kwamba si wewe uliyemwangusha. Kwa anayetumia Kirusi, usipoteze nguvu kwenye maswali marefu ya uwezo na hiari. Mrudishie kile alichokipoteza njiani, yaani alama ya “vy.” “Sir” na “Madam” zinafanya kazi hiyo vizuri. Na ukitaka kujifunza neno moja la Kirusi, jifunze “zdrastvuyte,” salamu ya heshima, kabla ya “privet,” ambayo ni ya marafiki. Tangu ndege za kukodi kutoka Moscow zianze kuleta watalii wengi Zanzibar baada ya 2020, “privet” imezoeleka haraka ufukweni kwa sababu ni fupi. Kumwambia mama wa miaka 60 “privet” ni sawasawa na kumpokea kwa “niaje.”

Kwenye suala la kuitana, kaa kidogo, maana ndipo nia njema inapoharibika kuliko popote. Kwetu, kumwongezea mtu umri ni kumheshimu. Kijana wa miaka 35 anaitwa mzee ofisini na anafurahi, na mwanamke anaitwa mama hata kabla hajazaa. Kirusi cha madukani na migahawani kinafanya kinyume kwa wanawake: “devushka,” yaani msichana, huitwa mhudumu au mteja hata kama ujana umeshamwacha mbali, na kuitwa “mwanamke” kunaweza kumkera mtu. Mwingereza yeye hataki umri utajwe kabisa, wala kupandishwa wala kushushwa. Kwa hiyo “mama” lako, lililojaa heshima, linaweza kumfikia Mrusi likiwa limemzeesha, na kumfikia Mwingereza likiwa limemshangaza. Hata hivyo, silisemi hili ili ulifiche neno hilo. Kirusi nacho kinayo mazoea ya kumwita mtu baki kwa jina la kindugu: watoto huwaita watu wazima wasiowajua mjomba na shangazi, na bibi kizee yeyote ni bibi. Mrusi akielezwa kwa nini unamwita mama, ataelewa upesi kuliko Mwingereza.

Historia nayo iliwapitisha Warusi na Watanzania kwenye njia inayofanana. Baada ya mapinduzi ya 1917, majina ya kibwana yalifutwa na kila mtu akawa “tovarishch.” Hapa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, “Ndugu” ilishika ofisi, mikutano na barua. Umoja wa Kisovieti ulipoanguka mwaka 1991, “tovarishch” ilidhoofika na haikupata mrithi anayekubalika na wote, ndiyo maana mtaani wanaitana mwanamume, mwanamke, msichana. Sisi “Ndugu” imebaki zaidi kwenye shughuli za chama na kwenye barua, na mtaa umejaza pengo kwa “bosi,” “mkuu” na “kiongozi.” Winga wa Kariakoo anayempokea kila mtu kwa “Karibu bosi” anafanya kazi ya heshima, kwani anatafuta jina ambalo halitamshusha mtu asiyemjua.

Jina ambalo ningekushauri uliache ni “my friend.” Linawaudhi wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Kwa Mwingereza ni kuingia kwenye nafasi yake bila hodi. Kwa Mrusi neno rafiki ni zito, la watu wachache waliojaribiwa kwa miaka, na anayeligawa barabarani anaonekana ana hila. Kwa Mrusi, tabasamu linakwenda njia hiyo hiyo. Iosif Sternin, mwanaisimu wa Kirusi aliyeandika juu ya tabasamu la watu wake, anaeleza kwamba kwao si alama ya ustaarabu kwa mtu baki, bali ni ishara ya furaha au mapenzi ya kweli. Uso mkavu dirishani ni uso wa mtu aliye kwenye shughuli. Na fedha akiiweka mezani badala ya kukupa mkononi, usione kwamba amekataa kukugusa: katika maduka mengi ya kwao kuna kisahani cha kuwekea pesa na chenji. Wewe mpe chenji kwa mkono wa kulia kama ulivyolelewa. Hakuna kitakachoharibika.

Utaniambia kwamba haya ni kuwatia watu kwenye makundi, na kwamba wapo Waingereza wakavu na Warusi wachangamfu. Ni kweli, na ndiyo sababu tafiti nilizozitaja zinazungumzia mielekeo ya lugha, hazitoi hukumu kwa mtu mmojammoja. Tena makundi yenyewe yana mipaka isiyonyooka. Mfanyabiashara wa Lusaka au Lilongwe anayekuja kufunga mzigo Kariakoo anaongea Kiingereza, lakini adabu aliyokuja nayo inatanguliza salamu kama yako, na ukimrukia na “Can I help you?” bila kumuuliza za safari umemkosea. Anayesema Kirusi naye si lazima awe Mrusi. Anaweza kuwa ametoka Kazakhstan, Belarus au Ukraine, na kwa wakati huu wa vita kumwita mtu wa Ukraine Mrusi ni jeraha. Muulize ametoka wapi kabla hujamtaja taifa. Mwelekeo wa lugha unakusaidia kwa dakika ya kwanza tu, kabla hujamjua mtu. Ukishamjua, mfuate yeye alivyo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini mwenyeji ndiye ajifunze? Mgeni ndiye aliyekuja, na mwenye nyumba hapimwi na mgeni. Nusu ya hoja hiyo naikubali kwa moyo wote. Ni haki kabisa kumfundisha mgeni kusalimia kabla ya kuomba, na kumweleza kwamba kwa mzee wa lango huanzi na “where is the toilet.” Mwingereza hulipokea somo hilo kwa adabu ila hulisahau, kwa sababu kwake salamu ndefu ni kumchelewesha mtu. Swali lake la “How are you?” halingoji jibu. Mrusi akiuliza hali anaweza kuwa anangoja jibu la kweli, na akishajua kwamba “Shikamoo” ni ya mkubwa, anaishika, maana inafanana na mpaka wa “vy” alioulinda tangu utotoni. Lakini nusu ya pili ya hoja siikubali. Wewe ndiye uliye kazini, na wewe ndiye unayewaona wageni wa lugha zote kwa siku moja. Wao wanamwona karani mmoja. Maarifa yana mahali pa kukaa kwako kuliko kwao, na hayakupunguzii hadhi yoyote.

Kuna jambo moja ambalo upande unageuka, na lisipotajwa picha itakuwa ya uongo. Kwenye kukataa, wewe na Mwingereza ni kitu kimoja. Yeye akisema atalifikiria, au kwamba bei imezidi kidogo alichotarajia, amekataa, na winga anayemfuata hadi Msimbazi anapoteza muda wake. Wewe ukisema “pita kesho,” “mzigo uko njiani” au “Inshallah,” mara nyingi umekataa vilevile, na Mswahili mwenzako amekuelewa. Anayesema Kirusi atapita kesho. Atakuja na mwenzake, kwa muda uliotaja, na ukimwambia tena “kesho” ataona amedanganywa, na kwake uongo kaunta ni utovu wa adabu kuliko “hapana” kavu. Mwambie wazi: haipo, haitakuja wiki hii, jaribu duka lile. Akisema ni ghali, anamaanisha ghali, hajakutukana. Taja bei yako nyingine, au simama pale pale.

Mwisho, si kila ukali ni tofauti ya utamaduni, na mwongozo huu hautakiwi kutumika kumfunika mtu anayekudhalilisha. Mrusi anayekupigia kelele, anayekupigia vidole, au anayekuita “ty” wewe mtu mzima ilhali hakufahamu, amevunja adabu ya kwao kabla ya kuvunja ya kwako. Una haki ya kusitisha huduma na kumwomba azungumze vizuri, na mara nyingi atajua kosa lake liko wapi. Dharau ya Mwingereza ni ngumu zaidi kuisikia, kwa kuwa inakuja imevaa maneno ya heshima. Kadiri anavyokasirika, ndivyo sentensi zake zinavyorefuka, “please” zinavyoongezeka, “I'm afraid” inavyojirudia, na jina lililo kwenye beji yako linavyoanza kutajwa taratibu. Ukiyasikia hayo kwa pamoja, usijibu kwa tabasamu na “no problem.” Muite msimamizi wako hapo hapo, mweleze mbele ya mgeni nini kimekwama, na mseme saa ngapi kitamalizika.